Barua ya utingo: Je, basi la umeme litatuliza kikohozi?

Mgonjwa wangu mmoja, utingo wa matatu mwenye umri wa miaka 38, alikuja kliniki mwezi Machi na ombi ambalo sijawahi kuletewa tangu nianze kazi hii. Hakutaka dawa nyingine. Alitaka barua.

Sacco yake ilikuwa imepata basi moja la umeme la majaribio, na kila utingo wa njia ile alikuwa akilimezea mate. "Daktari, niandikie tu," akaniambia. "Sema kifua changu kinahitaji gari la stima. Mwenyekiti akiona muhuri wa hospitali hatakataa."

Mtu huyu, ambaye ameniruhusu kusimulia habari zake bila kumtaja jina, hajawahi kuvuta sigara. Amekuwa mlangoni mwa matatu kwa miaka 14. Kila asubuhi hukohoa na kutema makohozi kwa karibu nusu saa kabla hajagusa chai. Anaishi orofa ya tatu, na akirudi jioni hulazimika kupumzika mara mbili kwenye ngazi. Nilipompa mashine ya kupima pumzi apulize, alifikia asilimia 64 ya kiwango tunachotarajia kwa mwanamume wa umri na kimo chake. Nikampa inhela, tukasubiri dakika 15, akapuliza tena. Hapakuwa na tofauti ya maana.

Hii si pumu. Katika pumu njia za hewa hubana, kisha hufunguka. Katika ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao ndio wake, njia hizo hubana na kubaki hivyo. Dawa humpunguzia mtu taabu, lakini pafu lililokwisha kuharibika halirudi.

Nilimwomba anipe wiki moja. Muhuri wa daktari una uzito wake na sikutaka kuugonga juu ya jambo ambalo sijalichunguza. Nikarudi kwenye tafiti, nikaenda kusimama kwenye steji yake Jumamosi moja asubuhi, na nikalipanda basi lenyewe kwenda na kurudi. Ninayokueleza leo, msomaji wangu, ni yale niliyoyapata wiki hiyo. Nadhani swali lake linakuhusu hata wewe unayepanda gari mara mbili tu kwa siku.

Moshi ule una nini?

Tumezoea kuuogopa moshi mweusi kwa sababu unaonekana. Kinachotuua zaidi hakionekani. Ndani ya moshi wa dizeli mna chembechembe ndogo za masizi ambazo wataalamu huzipima kwa mikromita. Zile zenye upana wa mikromita 2.5 au chini ya hapo ni nyembamba kuliko unywele wako kwa takriban mara 30. Pua na koo huzinasa chembe kubwa, nawe unazitoa kwa kamasi na makohozi. Hizi ndogo hupita hadi kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu, na zile ndogo zaidi huvuka na kuingia kwenye damu.

Hapo ndipo wengi hushangaa ninapowaambia kwamba moshi wa magari ni ugonjwa wa moyo pia. Chembe hizo huwasha mishipa ya damu kwa ndani, zikaifanya damu igande kwa urahisi, na kwa mtu mwenye shinikizo la damu au kisukari hilo ni kama kumwaga petroli penye jiko. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa, wa nje na wa majumbani kwa pamoja, huua watu wapatao milioni saba kwa mwaka duniani. Sehemu kubwa ya vifo hivyo ni vya mshtuko wa moyo na kiharusi.

Pamoja na chembe kuna gesi ya nitrojeni dioksidi, inayochoma utando wa njia za hewa na kumfanya mwenye pumu aanze kubanwa haraka.

Mnamo Juni 2012, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, ambalo liko chini ya WHO, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ni kundi lile lile la moshi wa sigara na asbestosi. Uamuzi huo uliegemea kwa kiasi kikubwa utafiti uliofuatilia zaidi ya wachimba madini 12,000 nchini Marekani waliokuwa wakifanya kazi kwenye migodi iliyotumia mashine za dizeli chini ya ardhi. Kadiri mtu alivyovuta moshi huo kwa wingi na kwa miaka mingi, ndivyo uwezekano wake wa kufa kwa saratani ya mapafu ulivyopanda. Sisemi kwamba mlango wa matatu ni sawa na mgodi. Nasema tu kwamba utingo wangu naye ana kazi ambayo hewa yake huchaguliwa na injini.

Kuna utafiti mwingine ambao huwa nauelezea wagonjwa wangu wa pumu kwa sababu ni rahisi kuuona akilini. Mwaka 2007, madaktari wa London walichapisha matokeo ya watu 60 wenye pumu waliotembea kwa saa mbili katika mtaa wa Oxford Street. Mtaa huo wakati ule ulikuwa wa mabasi na teksi tu, karibu yote ya dizeli. Siku nyingine watu wale wale walitembea saa mbili ndani ya bustani ya Hyde Park, iliyo jirani. Baada ya Oxford Street nguvu ya pumzi ilishuka kwa hadi asilimia 6.1, na kushuka huko kulikuwa kukubwa zaidi kuliko kule kwa bustanini. Jambo linalonisumbua ni kwamba wengi hawakuhisi lolote. Pafu lilikuwa limeshaanza kubana ilhali mwenyewe anatazama madirisha ya maduka.

Jiji hilo hilo ndilo lililompoteza Ella Adoo-Kissi-Debrah, msichana wa miaka tisa aliyeishi karibu na barabara yenye msongamano kusini mashariki mwa London. Alifariki Februari 2013 baada ya miaka kadhaa ya kukimbizwa hospitalini kwa pumu kali. Desemba 2020 afisa wa kuchunguza vifo aliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake. Ilikuwa mara ya kwanza nchini Uingereza kwa hewa chafu kuandikwa kwenye cheti cha kifo cha mtu. Sisi huku tunaandika pumu, tunaandika nimonia, na barabara haitajwi popote.

Nilichokiona steji

Jumamosi ile nilifika saa moja asubuhi. Matatu zilikuwa zimepangwa sita, injini zote zikinguruma, hakuna hata moja inayotoka. Ile ya mbele ilikuwa na abiria tisa na ikisubiri kujaa. Dereva hakuzima injini kwa dakika 22 nilizohesabu. Nyuma ya ekzosi ya gari la tatu palikuwa na mama anayeuza mandazi na chai, na mtoto wake wa kama miaka minne alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kimo cha mtoto aliyeketi na kimo cha bomba la moshi havipishani sana. Mtoto pia huvuta hewa nyingi zaidi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake, na mapafu yake bado yanajengwa.

Kama una wasiwasi kwamba madhara hayo ni hadithi za kutisha watu, huko California Kusini watafiti walifuatilia maelfu ya watoto kwa miaka. Waliokuwa wakiishi ndani ya mita 500 kutoka barabara kuu walifika utu uzima wakiwa na mapafu dhaifu kuliko wenzao wa mbali. Kisha serikali ikabana sheria za moshi, hewa ikasafika, na mwaka 2015 watafiti wale wale wakatangaza kwamba kizazi kilichofuata cha watoto katika miji ile ile kilikua na mapafu yenye nguvu zaidi. Habari hii ya pili ndiyo inayonipa moyo wa kuandika safu kama hii.

Basi la umeme lilifika saa mbili kasorobo. Nilijua limefika kwa sababu watu walianza kulipiga picha, maana sauti halikuwa nayo. Ndani yake hapakuwa na ule mtetemo wa kifuniko cha injini kando ya dereva, wala lile joto linalochoma mguu wa kushoto. Dereva wake, mzee wa miaka 51, aliniambia kwamba jioni anarudi nyumbani bila kuumwa kichwa. Kelele ya zaidi ya desibeli 85 kwa saa nane kila siku huharibu usikivu polepole, na madereva wengi wa magari yenye injini mbele wamekaa juu ya kelele hizo maisha yao yote. Lakini nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa: tulipofika mzunguko wa kwanza utingo akawasha muziki, na faida yote ya masikio ikaisha hapo. Injini ya umeme haiwezi kututibu ugonjwa wa nganya.

Mabasi haya yameingiaje?

Jijini Nairobi mabasi ya umeme yalianza kuonekana mwaka 2022. Kampuni ya Opibus, ambayo sasa inaitwa Roam, ilionyesha basi lake mapema mwaka huo, na mwezi Machi BasiGo ikaanza majaribio na mabasi mawili yaliyokabidhiwa kampuni za uchukuzi zilizokuwa tayari barabarani. Mwaka 2024 BasiGo ilianza kuunganisha mabasi Thika. Kigali nako yameanza kubeba abiria.

Kikwazo kikubwa ni bei. Betri ndiyo inayolifanya basi hili kuwa ghali, na mmiliki wa matatu mmoja mmoja hawezi kulipa fedha zote hizo mara moja. Njia iliyobuniwa ni kwamba mmiliki hununua basi bila betri, kisha hulipia betri, chaji na matengenezo kwa kila kilomita anayokwenda. Shirika la umeme nalo limewekewa bei maalumu ya kuchaji magari, na usiku bei hiyo hushuka zaidi. Basi la viti 25 linaloanza na chaji kamili huenda takriban kilomita 250, kwa hiyo wengi huchaji usiku na kuongeza kidogo adhuhuri abiria wanapopungua.

Utauliza: umeme wenyewe si hutoka kwenye moshi wa mahali pengine? Katika nchi nyingi hilo ni swali zito. Kwetu jibu ni jepesi. Takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na mvuke wa Olkaria na majirani zake pekee hutoa zaidi ya asilimia 40. Moshi wa basi hili hauhamishiwi kwenye kifua cha mtu wa Naivasha.

Miji iliyotangulia inaonyesha kwamba jambo hili si mchezo wa maonyesho. Shenzhen, China, ilikuwa imebadilisha mabasi yake yote ya umma, zaidi ya 16,000, kufikia mwisho wa 2017. Dakar, Senegal, ilianza mwaka 2024 kubeba abiria kwa mabasi marefu 121 ya umeme kwenye njia yake maalumu ya kilomita 18.3 kutoka Guédiawaye hadi katikati ya jiji. Miji hiyo miwili ina jambo moja ambalo sisi hatuna: kuna mwenye mabasi mmoja au mkandarasi mmoja anayeamua. Kwetu kila gari lina mwenyewe, kila mwenyewe ana mkopo wake, na mkopo haujui habari za mapafu.

Mambo ambayo basi hili haliwezi

Hapa ndipo nilipokwama na barua ya utingo wangu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwanza, basi moja la umeme kati ya maelfu ya dizeli halibadilishi hewa ya jiji. Utingo anayesimama mlangoni mwa basi la umeme bado yuko nyuma ya lori la mchanga na kando ya bodaboda. Anachokwepa ni moshi wa gari lake mwenyewe, ule unaorudi ndani kupitia mlango na madirisha gari linaposimama. Si kidogo, lakini si wote. Ndiyo maana nakataa kusema kwamba basi hili ni dawa.

Pili, si vumbi lote la barabarani hutoka kwenye ekzosi. Magurudumu yanayosagika na breki zinazolika hutoa chembe pia. Breki za basi la umeme hulika polepole zaidi kwa sababu mota yenyewe husaidia kupunguza mwendo huku ikirudisha umeme kwenye betri. Magurudumu hayana ahueni hiyo, kwani betri ni nzito.

Tatu, ukimya. Wanaotembea kwa miguu ndio wengi zaidi miongoni mwa wanaouawa barabarani nchini mwetu. Mtu asiyeona hutegemea sauti ya injini kujua kama kuna gari. Nchi za Ulaya na Marekani zimelazimisha magari ya umeme yatoe sauti ya tahadhari yanapokwenda polepole. Ningependa mwenye basi ahakikishe kifaa hicho kipo na hakijazimwa.

Nne, na hili huulizwa sana kwenye simu za wasikilizaji: mionzi. Hapana, betri iliyo chini ya sakafu haitakufanya tasa wala haikupi saratani. Nguvu za sumaku zinazopimwa ndani ya magari ya umeme ziko chini ya viwango vya usalama vya kimataifa. Wenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo wanaweza kupanda bila hofu. Wakiwa na shaka wamuulize daktari wao, wala wasiwe na sababu ya kukumbatia mashine ya kuchajia.

Ikitokea ajali, usiguse nyaya nene za rangi ya chungwa. Hizo ndizo zenye umeme mkali. Toka, saidia wengine kutoka, na muwe mbali na gari hadi waokoaji wafike, kwa sababu betri iliyoumia inaweza kushika moto baadaye.

Jambo la tano ni betri zikichoka. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua maana ya betri kuishia mahali pabaya. Kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu za risasi kiliwatia sumu watoto na watu wazima wa mtaa ule, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni baada ya mapambano marefu yaliyoongozwa na Phyllis Omido. Betri za mabasi haya ni za lithiamu, hazina risasi ya aina ile, na nyingi hutumia fosfati ya chuma badala ya kobalti, madini ambayo huchimbwa kwa wingi Lualaba, Congo, na wachimbaji wengine wakiwa mikono mitupu ndani ya vumbi. Kwa hiyo tumeanza mahali pazuri. Lakini betri ya basi ni mali ya kilo nyingi sana, na siku itakapokufa lazima iwe imeandikwa itakwenda kwa nani. Kama mabasi yako chini ya mkataba wa kukodi betri, angalau kuna kampuni moja inayojulikana ya kuulizwa. Mimi naona hiyo ni faida ya kiafya ya mkataba ule, ingawa sidhani aliyeubuni aliwazia hivyo.

Na dizeli kuukuu inakwenda wapi?

Swali hili nililiuliza steji na nikajibiwa kwa kicheko. "Inauzwa mashambani, daktari." Matatu iliyochoka jijini hupakwa rangi na kwenda kubeba watu kwenye mji mdogo, ambako itanguruma mbele ya zahanati kwa miaka mingine kumi. Ikiwa kila basi la umeme la Nairobi linapeleka moshi wake kaunti nyingine, basi tumegawana ugonjwa tu. Nchi zilizofaulu zilitoa fedha kidogo kwa mwenye gari kuukuu ili gari hilo likatwe vyuma. Sijasikia mtu akilizungumza hilo kwetu kwa sauti, nami ningelisema kabla ya kusema lolote kuhusu rangi za mabasi mapya.

Jambo jingine ni mahali pa kuyapeleka kwanza. Leo basi la umeme huenda kwenye njia iliyo karibu na mashine za kuchaji na yenye abiria wa kutosha kulipa mkopo. Hesabu hiyo naielewa. Kama ningepewa kalamu, ningeongeza swali moja kwenye hesabu: njia ipi ina steji ambayo magari hunguruma kwa muda mrefu karibu na watoto au wagonjwa? Gari lililosimama huku injini ikiwaka ndilo lenye hasara kubwa zaidi kwa wale walio kando yake, na ni hapo ndipo basi lisilo na injini ya kunguruma hutoa faida siku ya kwanza, hata likiwa moja.

Hadi siku hiyo ifike

Hatuwezi kusubiri mabasi. Mwenye gari la dizeli anaweza kuanza leo kwa kuzima injini steji hadi abiria wakaribie kujaa. Mafuta yatabaki kwenye tangi na mtoto wa mama wa mandazi atapumua. Pua za kunyunyizia dizeli zikichakaa gari hutoa moshi mweusi na kunywa mafuta zaidi, kwa hiyo huduma ya injini ni afya na ni pesa. Tangu mwaka 2015 dizeli yetu ina salfa kidogo kuliko zamani, sehemu 50 kwa milioni badala ya 500, lakini mafuta safi ndani ya injini iliyochakaa bado hutoa masizi.

Wewe abiria, usisimame nyuma ya gari lililowashwa. Sogea hatua kumi upande upepo unakotoka. Umbali mdogo hupunguza sana unachokivuta. Ukiwa na pumu, tumia inhela yako ya kuzuia kila siku hata ukijihisi mzima. Wengi huja kwangu wakiwa na inhela ya bluu peke yake, ile ya kufungua, na wanaitumia mara tano kwa siku. Hiyo ni dalili kwamba pumu haijadhibitiwa. Rudi kliniki.

Leso na barakoa ya kitambaa hazizuii chembe hizi. Anayeuza bidhaa steji kutwa nzima, au utingo, anaweza kuvaa barakoa ya N95 inayobana usoni vizuri. Najua inachosha na najua bei yake. Saa mbili za asubuhi na mbili za jioni, msongamano unapokuwa mkali, ni bora kuliko kutoivaa kabisa.

Mama mjamzito, kama una hiari ya kuchagua, usikae steji kwa muda mrefu. Hewa chafu huongeza uwezekano wa kuzaa mtoto njiti au mwenye uzito mdogo. Na yeyote anayekohoa kwa zaidi ya wiki mbili asijiambie kwamba ni moshi tu. Aende apimwe kifua kikuu kwanza. Watingo, wanaokaa na watu wengi katika nafasi ndogo, hawana kinga dhidi ya ugonjwa huo, na huyu wangu nilimpima kabla ya kumwambia lolote.

Barua

Wiki ilipokwisha nilimwandikia. Sikusema kwamba basi la umeme litamponya, maana halitamponya. Niliandika kwamba ana ugonjwa sugu wa mapafu, kwamba kila moshi anaopunguziwa unapunguza kasi ya kuharibika kwake, na kwamba naiomba sacco, ikiwezekana, impangie gari lisilo na moshi. Nikaongeza mstari mmoja ambao hakuniomba: magari yazimwe steji.

Mwenyekiti hakumpa basi. Alichofanya ni kutengeneza zamu, kwa sababu watingo wengine nao walilalamika kwamba kifua si cha mtu mmoja. Mgonjwa wangu hufanya kazi kwenye basi la umeme siku tatu kwa wiki. Siku nyingine yuko kwenye dizeli ile ile, amevaa barakoa asubuhi na jioni. Kuhusu kuzima injini, sijapata jibu.

Nilimpima tena mwezi Septemba. Alipuliza asilimia 65. Tofauti ya moja haina maana yoyote kwenye mashine ile, nami nilimwambia hivyo, lakini katika ugonjwa huu kutoshuka kwa miezi sita kunanitosha. Anasema macho hayamwashi jioni zile siku tatu. Ngazini bado anapumzika mara mbili.

Wiki iliyopita alikuja na mwenzake, dereva wa gari la dizeli wanalofanyia kazi siku zile nyingine. Naye anataka barua. Nilimpa mashine apulize kwanza.